Pete ya Pembe Tatu na Asidi ya Siki

Katika mwaka wa 1859 mwalimu mmoja wa kemia mjini Paris, Charles Adolphe Wurtz, alitengeneza kitu kipya ambacho kwa sura hakikuwa na la kumshangaza mtu. Kilikuwa kama maji, hakina rangi, kina harufu tamu kidogo, nacho kilichemka katika joto dogo mno. Wurtz mwenyewe alipima akapata digrii 13 na nusu. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba ni karibu na 11. Maana yake ni kwamba hata asubuhi ya baridi kali ya mwezi wa Julai huko Limuru haikuhakikishii kukiona kikitulia ndani ya chupa iliyo wazi. Sharti kiwekwe katika barafu, la sivyo hugeuka hewa kikaenda zake.

Wurtz alikiita oksidi ya ethilini. Kila chembe yake, ambayo wanakemia huiita molekuli, ina kaboni mbili, hidrojeni nne na oksijeni moja. Namna alivyokipata si vigumu kueleza. Miaka mitatu kabla yake alikuwa amegundua glikoli, ambayo ni alkoholi yenye mikono miwili. Sasa alichukua glikoli ambayo mkono wake mmoja umekwisha kubadilishwa kwa klorini, akaitia potasi kali. Potasi ikainyang'anya ile klorini pamoja na hidrojeni moja ya upande wa pili, na oksijeni iliyobaki upweke ikajikunja, ikazishika kaboni zote mbili kwa pamoja. Ikawa pete, nayo ni pete ndogo kuliko zote ziwezazo kuwako, maana ina pembe tatu tu: kaboni, kaboni, oksijeni. Vitu vyote vyenye pete ya namna hii siku hizi huitwa epoksidi.

Habari nitakayoisimulia ni ya jinsi pete hii inavyopatana na asidi. Sisemi asidi kali, kama ile ya betri ya gari, kwa kuwa hizo hupatana na vitu vingi, tena kwa fujo. Nasema asidi za upole, zile ziitwazo asidi za kaboksili: asidi ya siki, asidi ya siagi iliyochacha, asidi zilizomo katika mafuta ya kitani na ya soya. Ukoo huu ni mkubwa nao ni mvivu. Ukitaka kuunganisha asidi ya siki na alkoholi ya kawaida upate kile kiitwacho esta, huna budi kuchemsha kwa muda mrefu, kutia tone la asidi kali ili kuharakisha kazi, na kuyaondoa maji yanayotokea, kwa sababu yakibaki hurudisha kazi nyuma. Lakini asidi hiyo hiyo mvivu ikikutanishwa na pete ya pembe tatu huungana nayo yenyewe, wala haitoi hata tone la maji. Kilichoingia ndicho kilichobaki. Wurtz aliona jambo hilo. Alipolieleza sababu yake, alikosea.

Inafaa kumfahamu kidogo ili tulifahamu kosa lake. Wurtz alizaliwa mwaka 1817 karibu na Strasbourg, mwana wa mchungaji wa Kilutheri. Alisoma udaktari, kisha akaenda Giessen katika nchi ya Ujerumani kujifunza kemia kwa Liebig, halafu akakaa Paris, ambako alirithi kiti cha mwalimu wake Dumas. Alikuwa mtu mchangamfu, na mpiganaji hodari wa rai ya atomu katika mji ambao wakubwa wengi wa kemia hawakutaka kuisikia. Mwaka 1849 alikuwa amegundua vitu vilivyompatia sifa kubwa: amini, ambazo ni ndugu wa amonia, zinazobadilisha rangi ya litmasi na kuungana na asidi zikawa chumvi, kama besi yoyote. Basi mtu huyu alikuwa na mkono wenye bahati ya kupata besi mahali ambapo wengine hawakuzitazamia.

Sasa akaona kitu kipya kinachoungana na asidi bila kusita. Akaona zaidi ya hayo. Alipokitia katika maji yaliyoyeyushwa chumvi ya magnesi, mashapo meupe yalitokea chini ya chombo, yaleyale yanayotokea ukitia besi. Tena kitu hiki kilipoachwa na maji kiligeuka polepole kikawa glikoli. Je, si hivyo chokaa mbichi inavyofanya? Chokaa iliyotoka tanuuni ni oksidi. Ukiimwagia maji hulewa maji hayo ikawa chokaa iliyozimwa. Ukiipa asidi, huwa chumvi. Mambo matatu yalikubaliana, na Wurtz akahukumu kwamba oksidi ya ethilini ni besi ya kweli, ndugu wa chokaa, ila imefanywa kwa kaboni badala ya madini. Mimi nadhani hata jina alilolichagua lilimvuta upande huo. Lakini hilo ni wazo langu.

Hoja yake ilikuwa nzuri, na ndiyo maana ilidumu. Ilikaa miaka 37. Mwaka 1896 kijana mmoja wa Kijerumani, Georg Bredig, ambaye alikuwa amefundishwa na Ostwald kule Leipzig, alikipima kitu hiki kwa umeme. Besi ikiyeyushwa katika maji hupitisha umeme, maana hugawanyika ikawa vipande vyenye chaji. Maji yenye oksidi ya ethilini hayakufanya hivyo. Si besi, wala si chumvi, wala hakuna kipande chochote cha umeme ndani yake. Kipimo kimoja kilitosha kuliangusha jengo lote. (Bredig huyu alifikia uprofesa mkubwa, kisha mwaka 1933 akafukuzwa kazini kwa kuwa ni Myahudi, alikufa New York mwaka 1944. Wanafunzi wa kemia hawalisikii jina lake sana, na si haki.)

Sasa yale mashapo meupe ya magnesi yalitoka wapi? Hapa ndipo utamu wa jambo hili. Wurtz hakuota ndoto; mashapo yalikuwapo, na yeyote anayerudia jaribio lake atayaona. Lakini besi haikuwamo ndani ya kitu kabla ya jaribio. Ilitengenezwa palepale. Klorini iliyokuwa pamoja na magnesi huishambulia pete na kuipasua. Oksijeni ya pete, ikiachwa wazi, hujinyakulia hidrojeni kutoka kwa maji. Na maji yaliyoibiwa hidrojeni hubaki kuwa besi, nayo ndiyo inayoshuka na magnesi. Kwa hiyo Wurtz alifika mahali palipotokea ajali, akamwona mtu amesimama hapo, akamwandika kuwa ndiye mwenye nyumba.

Sababu ya kweli ya pete kuungana na asidi ilikuwa imekwisha kutolewa, ingawa kwa ajili ya jambo jingine. Mwaka 1885 Adolf Baeyer, mwalimu wa Munich, aliandika kwamba kaboni hupenda kuinyosha mikono yake minne mbali na mwenziwe, kiasi cha digrii 109 na nusu kati ya mkono na mkono. Ikilazimishwa kuikaza pamoja, huwa na uchungu wa kutaka kunyoka. Katika pete ya pembe tatu, pembe ni kama digrii 60 tu. Kila aliyewahi kuona mtego wa ndege utaelewa mara moja: fito imekunjwa mpaka ncha yake ikafika chini, ikafungwa kwa kijiti kidogo. Fito haina hasira na ndege. Ina haja ya kunyoka, na chochote kitakachokigusa kijiti kitaifungua. Baeyer alikosea kuhusu pete kubwa, ambazo alidhani nazo zimekazwa kwa kuwa alizichora bapa kama sahani, kumbe hujipindapinda zikastarehe. Kuhusu pete ndogo alisema kweli.

Asidi ya siki, basi, ndiyo inayokigusa kijiti. Kwanza hidrojeni yake ya uchachu huisogelea oksijeni ya pete na kuilegeza. Kisha oksijeni ya asidi huingia kwa mgongoni, upande ule usio na oksijeni ya pete, na kuishika kaboni mojawapo. Pete hukatika. Mwisho wake upande mmoja una esta, na kaboni ya jirani ina oksijeni iliyojipatia hidrojeni, yaani hidroksili, sawa na ile ya alkoholi. Mwanafunzi aikumbuke hidroksili hiyo, maana itarudi mara nyingi katika habari hii. Ni kama nyayo: ukiikuta hidroksili jirani na esta, ujue kwamba pete ilipita hapa.

Kwa muda mrefu maarifa haya yalikaa vitabuni. Pete zilikuwa ghali, na njia ya kuzitengeneza kwa klorini na besi iliharibu mali nyingi. Mwaka 1909 Mrusi mmoja aliyekuwa Warsaw, Nikolai Prilezhaev, alionyesha njia ya mkato. Alichukua asidi ya kaboksili iliyoongezwa oksijeni moja ya ziada, akaikutanisha na vitu vyenye kifungo maradufu kati ya kaboni na kaboni. Ile oksijeni ya ziada iliruka kutoka kwa asidi ikatua juu ya kifungo, na pete ikawa tayari. Kazi safi kabisa, isiyohitaji klorini wala potasi.

Lakini tazama mtego uliomo. Asidi iliyokwisha kuitoa oksijeni yake ya ziada haiondoki. Hubaki humo chomboni, nayo sasa ni asidi ya kaboksili ya kawaida, na karibu yake kuna pete mpya iliyokazwa. Fundi aliyejenga nyumba ndiye anayeibomoa. Prilezhaev alitumia asidi iliyotokana na benzoiki, nayo ni ya upole, kwa hiyo alifanikiwa. Wengine waliotaka kutumia asidi ya siki yenye oksijeni ya ziada, kwa kuwa ni rahisi na yapatikana kwa wingi, hawakuona pete hata moja. Walipata esta na hidroksili jirani kwa jirani. Wakahitimu kwamba asidi hiyo ni ya namna nyingine na haifanyi pete. Rai hii ilishikwa na watu wenye akili sana, kwa miaka mingi.

Aliyeitengua ni Daniel Swern pamoja na wenzake Thomas Findley na John Scanlan, wakifanya kazi katika maabara ya serikali ya Marekani karibu na Philadelphia. Maabara hiyo ilikuwa moja ya nne zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1938 ili kutafuta matumizi mapya ya mazao ya mashamba yaliyozidi, kwa maana wakulima wa huko walikuwa wamepatwa na taabu ya kulima vingi na kuuza kidogo. Katika maandishi yao ya mwaka 1945 walieleza jambo lililo rahisi mpaka mtu huona haya kwa niaba ya waliotangulia. Pete hufanyika haraka, lakini kuvunjwa kwake huenda polepole. Waliotangulia walikuwa wakipasha moto, au wakingoja mno. Swern na wenzake walikiacha chombo katika joto la chumba, wakakatisha kazi mapema, wakaosha asidi ikatoka. Na pete zilikuwapo, nzima.

Namsifu Swern kwa hili kuliko kwa mengi aliyoyafanya baadaye. Kutofautisha kitu kisichotokea na kitu kinachotokea kisha kikatoweka ni kazi ngumu, maana mwishoni chombo huonekana vilevile. Waliomtangulia walitazama mwisho wa mchezo tu.

Faida ilikuja upesi. Mafuta ya soya yana vifungo maradufu vingi. Kila kimoja kinaweza kugeuzwa pete. Mafuta hayo yenye pete yalikuwa dawa nzuri ya plastiki iitwayo PVC. Plastiki hiyo ikipata joto huachia asidi ya klorini kidogo kidogo, na asidi hiyo huiharibu plastiki iliyobaki, ambayo nayo huachia zaidi, mpaka yote ikawa ya kahawia na kuvunjika. Pete za mafuta ya soya huikamata asidi hiyo kila inapotoka. Hivyo kitu ambacho Wurtz alikiita besi kwa kosa kinafanya kazi ya besi kwa kweli, bila kuwa besi! Mpira mwembamba ulio ndani ya kifuniko cha chupa ya jemu mara nyingi huwa na mafuta haya.

Wakati huohuo hadithi nyingine ilikuwa ikiendelea huko Ulaya, nayo yahusu meno. Mjini Zurich palikuwa na kampuni ya De Trey iliyouza vifaa vya madaktari wa meno. Mwanakemia wake, Pierre Castan, alitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia ambacho kikimiminwa katika kalibu hakitanywea kikikauka. Karibu vitu vyote vya wakati huo vilitoa maji au mvuke vilipokuwa vikigandamana, na kinachotoa kitu hupungua. Jino lililopungua halimwenei mwenyewe. Castan alichukua bisfenoli A, ambayo Mrusi Dianin aliitengeneza mwaka 1891, akaiunganisha na epiklorohidrini, ambayo tayari ina pete. Akapata utomvu mzito wenye pete mbili, moja kila mwisho. Kisha akaukausha kwa anihidridi ya thaliki, yaani asidi mbili za kaboksili zilizonyang'anywa maji zikafungamana.

Kinachotokea hapo ni mfululizo unaopendeza. Hidroksili moja iliyomo katika utomvu huifungua anihidridi. Upande mmoja hushikamana nayo, na upande wa pili huwa asidi ya kaboksili iliyo wazi. Asidi hiyo huivamia pete iliyo karibu na kuifungua, ikaacha esta, na jirani yake hidroksili mpya. Hidroksili hiyo nayo huifungua anihidridi nyingine, asidi nyingine ikazaliwa, pete nyingine ikafunguka. Kila mwisho wa kazi ni mwanzo wa kazi. Na kwa kuwa kila molekuli ina pete mbili, nyuzi hushikana huku na huku mpaka zikawa wavu mmoja mkubwa usioyeyuka. Hakuna maji yanayotoka. Hakuna kinachonywea ila kidogo sana.

Castan aliomba hati ya uvumbuzi nchini Uswisi mwaka 1938. Katika meno haukufanikiwa sana, na kampuni ya Ciba ya Basel ikainunua haki ya kuutumia. Mwaka 1946, katika maonyesho ya viwanda ya Basel, ulitokea hadharani kwa jina la Araldite, si kama jino tena bali kama gundi ya kushikamanisha chuma na chuma. Sharti niseme pia kwamba Mjerumani Paul Schlack aliomba hati kwa utomvu wa namna hii tangu mwaka 1934, naye alitumia amini za kuukausha. Halikumpatia sifa, watu humkumbuka zaidi kwa uzi wa nailoni alioutengeneza mwaka 1938. Kugundua kitu na kujua kinafaa kwa nini ni mambo mawili, na Schlack wala Castan hakuna aliyekuwa na yote mawili.

Upande wa Marekani Sylvan Greenlee, wa kampuni ya rangi ya Devoe & Raynolds, alikuwa akiufanya utomvu uleule kwa shabaha nyingine. Yeye aliupika pamoja na asidi za mafuta ya kitani. Asidi zilifungua pete, zikashikamana na utomvu kwa esta, na matokeo yakawa vanishi inayokauka kwa hewa kama rangi ya mafuta ya zamani, lakini yenye ugumu ambao rangi ya zamani haikuwa nao. Hati zake zilitoka kuanzia miaka ya 1940. Kutoka katika jamii hii ya vanishi zilipatikana rangi za sakafu, za meli, na utando mwembamba unaopakwa ndani ya mikebe ya chakula ili nyanya zisile bati.

Utando huo umeleta shauri katika siku zetu. Imeonekana kwamba chembe chache za bisfenoli A hutoka katika utando zikaingia chakulani, nazo huiga kazi ya homoni mwilini. Mwishoni mwa mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha amri ya kuikataza katika vyombo vya chakula, ukatoa muda wa viwanda kubadilika. Oksidi ya ethilini yenyewe, ile ya Wurtz, ina sura mbili vilevile. Huua vijidudu hata ndani ya vifaa vya hospitali visivyostahimili moto, na huviua kwa sababu pete yake hufunguka juu ya sehemu za uhai za kijidudu. Lakini kwa sababu hiyohiyo huleta saratani kwa mtu anayeivuta mara kwa mara. Fito iliyokunjwa haibagui nani anayekigusa kijiti.

Turudi kwenye meno, maana hayakuisha. Katika miaka ya 1950 daktari wa meno Mmarekani, Rafael Bowen, alitaka kitu cheupe cha kuzibia matundu ya meno ya mbele. Alijaribu utomvu wa Castan, akauchanganya na unga wa mawe meupe ya kwatzi. Ulikuwa na nguvu, lakini ulikawia kuganda, na mgonjwa hawezi kukaa amepanua kinywa hadi adhuhuri. Bowen akafikiri: kwa nini asiitumie pete kwa kazi moja, na kazi ya kugandisha akaipa kitu kingine? Alitengeneza molekuli ambayo katikati ina bisfenoli A na kila mwisho una asidi ya methakriliki iliyoshikwa kwa esta. Njia moja ya kuifanya ni kuuchukua ule utomvu wenye pete mbili na kuupa asidi ya methakriliki: kila asidi hufungua pete moja. Asidi hii ni ya kaboksili, lakini ina kifungo maradufu katika mkia wake, na vifungo hivyo ndivyo vinavyoshikana haraka, dakika chache tu, na katika siku za baadaye kwa kumulikwa taa ya buluu. Hati ya Bowen ilitoka mwaka 1962.

Mwanafunzi aliyezibwa jino kwa kitu cheupe, akamulikwa taa kinywani, inaelekea anatembea na kazi hiyo mdomoni. Na ile hidroksili niliyomwambia aikumbuke imo pia. Zinabaki mbili katika kila molekuli ya Bowen, moja kwa kila pete iliyofunguka, nazo hushikana na kuvutana kiasi cha kuufanya utomvu kuwa mzito kama asali ya baridi, hata haupakiki mpaka uchanganywe na kitu chepesi. Kila duka la dawa za meno linalochanganya kitu hicho linalipa deni la pete.

Yote haya ni kazi ya binadamu, na mtu angedhani kwamba pete ya pembe tatu haikuwako kabla ya Wurtz. Ilikuwako. Mwaka 1954 Frank Gunstone, mwanakemia wa Kiingereza aliyefanya kazi Scotland, alichunguza mafuta ya mbegu za mmea wa India uitwao Vernonia anthelmintica. Wachunguzi waliomtangulia walikuwa wameikuta humo asidi ya ajabu na kuiandika kuwa ni asidi yenye hidroksili. Gunstone alionyesha kuwa asidi hiyo, katika mbegu, haina hidroksili, ina pete. Tusiwalaumu mno waliokosea. Nyayo za pete iliyokatika ni hidroksili, na wao walifika wakazikuta nyayo.

Mmea huu una ndugu katika Afrika, Vernonia galamensis, ambao wataalamu wengine wa mimea sasa huuita Centrapalus pauciflorus. Huota porini tangu Senegal hadi nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Aina zake mbili zimepewa majina ya Nairobi na ya Lushoto. Ua lake ni la zambarau, na watu wengi hulipita bila kuligeukia. Mwaka 1964 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Robert Perdue, alichuma mbegu zake karibu na Harar katika Ethiopia, na zilipopimwa zilionekana kuwa na mafuta kama sehemu 40 kwa 100 ya uzito wake, na katika mafuta hayo asidi yenye pete ilizidi sehemu 70 kwa 100. Kitu ambacho Swern alikipata kwa asidi ya siki na saa mkononi, mmea huu hukifanya juani bila gharama.

Mbegu hizo zina hila yake. Ndani yake mna kimeng'enya ambacho, mbegu ikipondwa na kuachwa, huyavunja mafuta na kuziachia asidi zake. Mafuta yaliyojaa asidi iliyo wazi hupungua thamani, na asidi hizo zikiwa pamoja na pete katika chombo kimoja na moto ukaongezwa, mwisho wake tumekwisha kuujua. Kwa hiyo mbegu hupashwa moto kabla ya kukamuliwa ili kimeng'enya kife kwanza. Katika miaka ya 1980 ulilimwa kwa majaribio huko Zimbabwe, na majaribio mengine yamefanywa katika nchi kadhaa, kwa matumaini kwamba rangi na gundi zitapata mafuta haya badala ya yale ya petroli. Shida kubwa haikuwa ya kemia. Mmea haukubali kutoa maua ila siku zikiwa fupi, jambo linalowafaa wakulima walio karibu na ikweta kuliko wale wa Marekani. Na vichwa vyake vikikomaa hupukutisha mbegu chini kabla mvunaji hajafika, kwa sababu haukupata kufugwa na mtu kama mtama au mahindi yalivyofugwa. Wafugaji wa mimea wamekuwa wakitafuta aina inayozishikilia mbegu zake. Kandokando ya njia nyingi za nyanda zetu za juu mmea huu bado huchanua kila mwaka, na mbegu zake, pete zikiwa nzima ndani yake, humwagika mavumbini.